Nyumba Anayotoka Mwalimu



Mwaka 1943 kijana wa Kizanaki, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, aliingia Makerere kusomea ualimu. Mwaka uliofuata Julius Nyerere aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake. Alipohojiwa uzeeni juu ya insha hiyo, alitaja mambo mawili kwa pamoja: maandishi ya mwanafalsafa John Stuart Mill, na wake 22 wa baba yake, ambao alijua jinsi walivyofanya kazi na yaliyowasibu kwa kuwa wanawake. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wao.

Naomba tukae kidogo hapo. Shida za akina mama wale zilionwa na kila mtoto wa boma lile, na bado zikaonekana kuwa mambo ya kawaida. Kwa upande mwingine, Mill alisomwa na vijana wengi wasiobakiza kwake chochote zaidi ya jibu la mtihani. Kwa Nyerere nyumba na kitabu vilikutana, kila kimoja kikakihoji kingine. Ndiyo maana siiamini sana methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Inasema kweli kuhusu malezi, kisha inafunga mlango kana kwamba mtu mzima hawezi kuyarudia malezi yake na kuyapima.

Kuyapima si kuyatukana, wala si kuyasifu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Nyerere alikumbusha kuwa Mwafrika alifundishwa kwa kuishi na kutenda kabla shule za wakoloni hazijafika. Hapo utamaduni wa kwao ulimpa jicho ambalo maofisa wengi wa elimu hawakuwa nalo. Lakini utamaduni huohuo ulimpa pia picha ya wazee wakizungumza hadi wakubaliane, na picha hiyo akaitumia kutetea chama kimoja, kilichowekwa kisheria mwaka 1965. Kwa maoni yangu, hapo aliipima nusu tu. Makubaliano ya wazee ni kitu kizuri kwa aliye ndani ya duara. Kijana na mwanamke walio nje yake wana habari nyingine. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, baada ya yeye mwenyewe kuhimiza jambo hilo lijadiliwe.

Sasa tuje kwa mwanachuo wa ualimu wa leo. Mkufunzi humpokea kana kwamba hajawahi kufundishwa kufundisha. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alikadiria kuwa mtu anapomaliza sekondari amekwisha kukaa mbele ya walimu kwa takribani saa 13,000. Ongeza madrasa, sebule, jiko, jando na unyago. Huko kote alijifunza nani huuliza, nani hujibu, nani huinamisha macho. Binti aliyelelewa kuwa kumuuliza mkubwa ni utovu wa adabu atasimama darasani, ataandika katika andalio la somo kuwa anatumia mbinu shirikishi, kisha mwanafunzi wa kwanza atakayembishia ataambiwa akae chini. Hana nia mbaya. Kwao, hiyo ndiyo heshima.

Fimbo ni mfano mchungu zaidi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, tena kila adhabu iandikwe. Kenya iliiondoa kabisa shuleni mwaka 2001. Hata hivyo, pande zote mbili za mpaka, walimu wameendelea kupiga kinyume cha kanuni. Waraka wa wizara unapokutana na sentensi moja tu, “mbona sisi tulichapwa na tukawa watu,” waraka hushindwa. Sentensi hiyo haikutoka katika mtaala wowote. Ilitoka nyumbani, nayo haiwezi kujibiwa na yeyote asiyeruhusiwa kuileta mezani.

Na wakufunzi wenzangu, tusijione tumesalimika. Namna tunavyomkatiza mwanachuo ukumbini ina baba, mjomba na shehe ndani yake.

Ninaloliomba ni dogo na halihitaji bajeti. Katika muhula wa kwanza, kabla ya azimio la kazi na kabla ya mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo aandike jinsi kwao mtoto alivyokemewa, alivyosifiwa, alivyonyamazishwa, na nani alipewa daftari jipya kwanza, wa kike au wa kiume. Insha hiyo isipewe alama. Isomwe pamoja na kazi za wataalamu, ijadiliwe, na mwandishi wake airudie tena atokapo kwenye mazoezi. Mkufunzi naye aandike ya kwake, awe wa kwanza kuisoma mbele ya darasa.