Vumbi la Kahawa Lina Bei

Karagwe na Kyerwa, robusta hukaushwa na maganda yake kisha hukobolewa, na ukoboaji hutoa vumbi jingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu viwanda vya kahawa nchini Tanzania ulionyesha kuwa wafanyakazi wake walisumbuliwa zaidi na kikohozi na dalili nyingine za kifua kuliko watu wa kazi nyingine. Hapo ndipo mwenye mashine ndogo anapopata hasara: fundi wake mzoefu akiugua katikati ya msimu, magunia hulundikana na mteja huhamia kwingine.

Wapo watakaosema usalama ni mambo ya kampuni kubwa, kwamba mtaji mdogo hauwezi kuubeba. Ni kweli mtaji ni mdogo, lakini hatua za kwanza ni nafuu: kufunika mikanda ya mashine, kupanua madirisha, kugawa barakoa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo haikutungwa kwa ajili ya wakubwa pekee. Mwenye kiwanda, kabla hujanunua mashine ya pili, linda kifua cha anayeendesha ya kwanza.