Kijana Ajue Kutunza Nyumba Kabla ya Kuihama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Garsen)



Taarifa ya fedha mmekwisha kuisikia, na habari za karo za watoto wetu mmekwisha kuzijua. Sasa twaomba ruhusa tuseme juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vya hesabu vya Chama, nalo hata hivyo hutupotezea fedha kila mwaka. Watoto wetu huondoka nyumbani wakiwa na elimu ya vitabu, bali hawajui kujitunza chumbani mwao.

Kutoka hapa hadi Malindi ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na wengine huenda mbali zaidi: Kilifi katika Chuo Kikuu cha Pwani, Mombasa, au Nairobi. Huko si wote wapatao vitanda vya bweni. Wengi hupanga chumba kimoja, na saa ile mzazi apandapo gari kurudi Garsen, kijana wa miaka 18 huwa mwenye nyumba. Ndiye mpishi, ndiye mfuaji, ndiye mtunza fedha, na akiugua usiku ndiye mwuguzi wake mwenyewe.

Tutatoa mfano mmoja bila kutaja jina, maana aibu si yake. Kijana mmoja tuliyemchangia alikwenda mjini akiwa na fedha za chakula za mwezi mzima. Kabla ya juma la tatu kwisha, fedha zilikuwa zimekwisha. Hakulewa wala hakucheza kamari. Alinunua chakula kilichopikwa asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu hakujua hata kusonga ugali. Kisha akaharisha kwa maji aliyokunywa bila kuyachemsha, akalala siku mbili mlango umefungwa, mpaka mama mmoja, mpangaji wa chumba cha pili, alipobisha hodi. Mama huyo ndiye aliyemnywesha maji ya sukari na chumvi, akampeleka zahanati.

Aliporudi likizo tulimwita mbele ya Halmashauri, tukamwuliza kwa ukali alifundishwa nini nyumbani kwao. Akajibu kwa adabu: “Wazee wangu, kila niliposogea mekoni nilifukuzwa. Niliambiwa mwanamume hakai jikoni.” Tukanyamaza, kwa kuwa waliomfukuza ni sisi.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali yamtaja mama peke yake, nasi akina baba tumejificha nyuma yake muda mrefu. Hata wakubwa wa zamani walifikiri hivyo. Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925, iliwapokea walimu pamoja na wake zao: mume alijifunza kazi ya shule za vijijini, na mke alijifunza utunzaji wa nyumba na watoto. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kiliendeleza mafunzo hayo kwa akina mama wa vijijini. Ilikuwa kazi njema. Lakini mpango wote ulisimama juu ya dhana kwamba kila mwanamume atakuwa na mwanamke wa kumpikia, na kijana aliye peke yake katika chumba cha kupanga hanaye. Shule za leo hufundisha mambo ya lishe, nasi twashukuru. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kukaa na kila mtoto mpaka chungu kiive.

Mzee mmoja wetu alituuliza kama hatuvunji mila kwa kuwapeleka wavulana jikoni. Twamjibu kwa heshima kwamba mila yenyewe yatujibia. Mvuvi wa Kipokomo alalaye ukingoni mwa mto hujipikia samaki wake. Mchungaji wa Kiorma au wa Kiwardei, akiwa kambini na ng’ombe mbali na nyumbani, hamngoji mamaye aje kumhudumia. Mwanamume wa kwetu daima amejitunza anapokuwa mbali na nyumbani. Chumba cha mjini nacho ni kambi, ila kina kodi.

Wala tusidhani kwamba mabinti wamekwisha kufundishwa. Msichana hupika tangu utotoni, lakini fedha za nyumba hazipiti mkononi mwake. Tumeona mabinti hodari wa jiko waliodanganywa na mwenye nyumba kwa sababu hawakujua kudai stakabadhi ya kodi. Basi mafunzo ni ya wote wawili, kila mmoja kwa upungufu wake.

Mambo ambayo twaona kila kijana ayajue ni haya:

Kwanza, fedha. Tuseme ametumiwa shilingi 6,000 za chakula kwa siku 30. Hizo ni shilingi 200 kwa siku. Akinunua sahani ya shilingi 120 mara tatu kwa siku, hutumia shilingi 360, na siku ya 17 haitamfikisha usiku. Ndivyo ilivyomfika kijana wetu. Anunue unga, maharagwe, mafuta na chumvi siku ile ile fedha zifikapo, na kila atumiacho akiandike.

Pili, maji. Maji ya matope yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe mpaka yatokote, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na baada ya kutoka chooni.

Tatu, ugonjwa wa kuhara. Katika lita 1 ya maji safi hutiwa vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, na hali ikizidi apelekwe zahanati bila kukawia.

Nne, moto. Jiko la makaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana, nayo humwua mtu usingizini. Jiko la mafuta ya taa lisijazwe likiwa linawaka.

Tano, kufua, kushona kifungo, kufagia, na kuishi vyema na majirani. Maana jirani ndiye aliyemwokoa kijana wetu.

Elimu hii ina faida hapa nyumbani pia. Mafuriko ya mwaka 1961, ya mwaka 1997 na ya mwaka 2023 yalizihamisha jamaa nyingi za mto huu. Katika kambi ya maturubai mama mmoja hawezi kutafuta kuni, kuchemsha maji na kuuguza watoto kwa wakati mmoja. Nyumba yenye mvulana ajuaye kazi hizo ina mikono miwili zaidi siku ya shida.

Likizo iliyopita tuliwaomba wazazi wachache wajaribu: mwana au binti apewe fedha za jamaa za juma moja, anunue, apike, agawe, na atoe hesabu. Hatutaficha kwamba mambo hayakwenda sawa kila mahali. Nyumba moja wali uliungua. Nyumba nyingine fedha zilikwisha siku ya tano, na mama akaongeza unga kwa siri usiku kwa huruma. Akina mama, twawasihi msifanye hivyo tena. Njaa ya siku mbili hapa, mama akiwa karibu, ina funzo jema kuliko njaa ya majuma mawili ugenini. Kijana yule wa siku ya tano ametuambia sasa aijua bei ya kila kitu sokoni.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba mambo mawili. La kwanza, kila mtoto atakayesaidiwa na Chama awe amekwisha kushika nyumba ya kwao kwa juma moja zima kabla hajapewa fedha za safari, na mzazi atie sahihi. La pili, lililo gumu zaidi, akina baba tukae mekoni pamoja na wana wetu walau jioni moja, ili wasiambiwe tena kwamba hapo si mahali pao. Wasiojua kupika miongoni mwetu, nasi tu wengi, tutajifunza pamoja nao.

Karo tutaendelea kuichanga. Lakini twaomba mtoto wetu, akifunga mlango wa chumba chake usiku ule wa kwanza, asiwe mgeni ndani yake.