TUNDU LA CHAJA HALITOI UMEME: TUFANYE NINI?

(Mazungumzo ya fundi wa taa za sola kwa wakazi wa kambi)



Leo nimeombwa niseme juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi. Taa ya sola inawaka vizuri, lakini ukichomeka simu kwenye tundu lake la USB, simu haichaji. Wengine huiuza taa hiyo kwa bei ya kutupa. Wengine huifungua na kuunganisha waya wanavyodhani, na hilo ndilo baya zaidi. Simu si pambo. Kwa simu unapata habari za mtoto aliyebaki nyuma na za ndugu aliye kambi nyingine. Basi tusikilizane.

Kwanza mjue umeme unapita wapi. Betri ya taa nyingi ndogo ni ya lithiamu, yenye volti 3.2 au 3.7. Tundu la USB linatakiwa kutoa volti 5. Kwa hiyo ndani ya taa kuna saketi ndogo ya kupandisha volti, na mara nyingi baada yake kuna chipu ya ulinzi. Mimi huiita mlinzi wa mlango. Kazi yake ni kupitisha umeme kwa kiasi. Umeme ukizidi, au waya mbili zikigusana, mlinzi anafunga mlango. Kwa hiyo tundu likikosa umeme, usiseme upesi kwamba mlinzi amekufa. Huenda yuko kazini, amefunga kwa sababu ameona hatari.

ANZA NA YASIYOHITAJI FUNDI

1. Badilisha waya. Waya wa kuchajia hukatika ndani kwa kukunjwakunjwa, na kwa nje huoni kitu. Azima wa jirani ambao una hakika unachaji.

2. Ianike taa juani siku nzima. Taa nyingine hufunga tundu betri ikipungua, ili mwanga ubaki.

3. Zima taa, uchungulie tunduni. Toa vumbi kwa mswaki mkavu au kijiti cha mti. Usitumie sindano wala msumari, maana chuma kitagusanisha vibati vya ndani. Ukiona kibati kimepinda na kugusa mwenzake, umekwisha kuupata ugonjwa.

4. Chomoa simu, zima taa, ngoja dakika chache ipoe, kisha jaribu tena. Chipu nyingi zilizofunga kwa joto hufungua zenyewe. Kama tundu linachaji simu ya jirani na kuikataa yako, taa haina kosa. Tazama simu yako.

KWA VIJANA WENYE MITA

Pimeni tundu kabla ya kuchomeka simu. Mita isome kati ya volti 4.75 na 5.25. Kisha pimeni simu ikiwa imechomekwa. Kama volti zinaanguka sana, betri imechoka au kiungo cha risasi kimepasuka. Miguu ya tundu hupasuka kwa sababu kila siku waya unavutwa. Mara nyingi kuirudishia risasi kunatosha.

Kama tunduni hakuna kitu, pimeni upande wa kuingilia wa chipu. Hapo pia pakiwa hapana volti, kosa liko nyuma, kwenye saketi ya kupandisha au kwenye betri. Kama volti 5 zinaingia lakini hazitoki, ondoeni betri, kisha pimeni ukinzani kati ya waya wa volti 5 wa tundu na waya wa hasi. Mita ikisoma karibu na sifuri, pana shoti. Tazameni tundu lenyewe na kapasita iliyo karibu nalo. Ondoeni shoti kwanza. Ukiweka chipu mpya na shoti ipo, nayo itafunga vilevile, na fedha yako imepotea.

Kama hakuna shoti, tazameni mguu wa ruhusa. Chipu nyingi zina mguu unaongoja amri ya kufungua. Kiungo chake kikikatika, chipu hulala ingawa ni nzima. Mkiisha kuhakikisha hayo yote, ndipo mwilaumu chipu.

Simu ikichaji polepole mno, chunguzeni miguu miwili ya katikati ya tundu. Katika matundu mengi ya kuchajia miguu hiyo huunganishwa pamoja, ili simu itambue kuwa imekutana na chaja. Kiungo kikiachia, simu huvuta umeme kidogo tu.

MSIMRUKE MLINZI

Nilipokuwa najifunza kazi, nilikuta chipu imefunga. Sikutafuta sababu. Niliiruka kwa kipande cha waya, na mteja akanishukuru. Usiku wa pili waya uliyeyuka juu ya mkeka, na mama mwenye nyumba akaamshwa na harufu. Nilimlipa mkeka wake. Je, kama asingeamka ningemlipa nini? Ninyi mnajua turubai na nyasi zinavyoshika moto.

Kwa hiyo nawaomba:

– Msiunganishe simu moja kwa moja na paneli. Paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa volti 18 au zaidi juani.

– Betri iliyovimba msiitoboe, msiichaji wala msiitupe motoni. Itoeni nje ya nyumba, mbali na watoto, na mpelekeeni fundi.

– Fundi akikurudishia taa, muulize: "Sababu ilikuwa nini?" Asipoweza kukujibu, usiiache ikichaji usiku mkiwa mmelala.

Aliyesoma karatasi hii amsomee na jirani asiyejua kusoma.