Mama wa Makamo na Mbio za Marathoni: Usiyafiche Maumivu

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya akina mama wa makamo wanaoshiriki mbio za marathoni. Sisemi wanariadha wanaolipwa. Nasema wale wanaoamka alfajiri, wakakimbia, kisha wakarudi nyumbani kuwapikia watoto chai kabla ya shule.

Nitaanza na habari ya shangazi yangu, naye ameniruhusu niisimulie. Shangazi alianza mazoezi akiwa na miaka 47, baada ya kuambiwa kliniki kwamba uzito wake umezidi. Alianza kwa kutembea, kisha akakimbia kilomita 5, baadaye 10, halafu 21. Alipofika miaka 52 alimaliza marathoni nzima, yaani kilomita 42 na mita 195. Alitumia saa 4 na dakika 38. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu: kumaliza chini ya saa 4 na nusu.

Mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya mbio, nilimtembelea. Mezani niliona vidonge vya diklofenaki. Nikamuuliza, "Shangazi, hivi ni vya nini?"

Akajibu, "Ni mguu tu, mwanangu. Nikishapata joto hauumi."

Mimi, muuguzi, nikanyamaza. Niliona haya kumkosoa mtu aliyenilea. Siku ya mbio alipofika kilomita ya 31, mguu ulikataa kabisa. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa muundi umepata ufa. Alitembea kwa magongo wiki nyingi, na wajukuu wawili anaowalea wakawa wanachotewa maji na jirani.

Je, mfupa unawezaje kupasuka bila mtu kuanguka? Kila hatua ya mbio huugonga mfupa kidogo, na mwili huurekebisha wakati wa kupumzika. Mtu akiongeza mbio upesi kuliko mwili unavyorekebisha, ufa mdogo huanza. Mama anapokoma hedhi hatari huzidi, kwa maana homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa yake hupungua. Maumivu ndiyo kengele. Kidonge hakitibu ufa. Huinyamazisha kengele tu. Zaidi ya hayo, dawa kama diklofenaki na brufeni zinaweza kudhuru tumbo na figo, hasa mtu anapokimbia muda mrefu juani huku mwili ukipoteza maji.

Basi, je, mama wa makamo aache kukimbia? La, hasha! Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, marathoni ya wanawake ilishindwa na Constantina Dita wa Romania akiwa na miaka 38, naye ni mama. Wa pili alikuwa Catherine Ndereba wetu wa Kenya, naye pia mama, akiwa na miaka 36. Kule Kanada, mzee Ed Whitlock alikimbia marathoni kwa chini ya saa 3 akiwa amepita miaka 70. Umri haukatazi mbio. Umri hudai mapumziko zaidi.

Sasa sikiliza kwa makini mambo ya kufanya.

Kwanza, kabla ya kuanza mazoezi mazito, nenda kituo cha afya. Pimwa shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Mweleze mhudumu ikiwa umewahi kuumwa kifua au kuzirai, au kama ndugu yako alifariki ghafla kwa moyo.

Pili, ongeza umbali polepole. Siku nyingi kimbia mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi au ya kupumzika. Kumbuka pia kwamba kulima na kubeba maji ni kazi kwa mwili. Siku uliyolima kutwa usiihesabu kuwa ya mapumziko.

Tatu, imarisha misuli mara 2 kwa wiki. Chuchumaa na kuinuka, panda na kushuka ngazi, inuka kwa ncha za vidole vya miguu. Mazoezi haya husaidia mifupa na magoti.

Nne, kula vya kutosha. Ugali, viazi vitamu na ndizi hutia nguvu. Maharagwe, mayai na maziwa hujenga misuli. Omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao wana madini ya kuimarisha mifupa. Mbio si sababu ya kujinyima chakula.

Tano ni jambo ambalo akina mama wengi hulificha: mkojo kuvuja unapokimbia. Hutokea sana kwa waliozaa, lakini si jambo la kuvumilia tu. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi 5, kisha legeza. Rudia mara 10, mara 3 kwa siku, kibofu kikiwa kitupu. Ukiona hakuna nafuu baada ya miezi 3, mwone muuguzi. Usione aibu, tunawaona wengi.

Sita, siku ya mbio kunywa maji unaposikia kiu. Kunywa kupita kiasi nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu hupungua na mtu huweza kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Ukiwa na homa, usikimbie siku hiyo.

Acha kukimbia mara moja ukisikia kifua kubana, kizunguzungu, moyo kwenda mbio ovyo au pumzi kukatika isivyo kawaida, kisha utafute msaada. Na ikiwa maumivu ya mguu yako mahali pamoja unapoweza kuonyesha kwa kidole kimoja, nayo yanazidi ukikimbia au yanauma hata usiku, pumzika na umwone daktari.

Nanyi mnaoishi na mama anayekimbia, msimcheke, wala msimsifu tu. Mpokeeni kazi siku anayopumzika. Mkiona anachechemea, muulizeni.

Shangazi alipona. Alirudi kwa kutembea, akakimbia kilomita 21, na miaka 2 baada ya ule ufa akamaliza marathoni kwa saa 4 na dakika 51. Muda wake haukuwa mzuri kama ule wa kwanza, na saa 4 na nusu bado anaitafuta. Lakini jioni ile alijichotea maji mwenyewe. Nami siku hizi nikiona vidonge mezani kwake, sinyamazi.

Kwa leo ni hayo tu. Mama, sikiliza mwili wako kama unavyomsikiliza mtoto anapolia. Mpaka wiki ijayo, kaeni salama.