Chakula cha Sadaka Kisiishie Jaani



Wazee wetu, mama zetu, vijana wenzangu. Nimepewa dakika kumi na sitazidisha, najua kuna wanaowahi feri.

Naanza na kisa. Ramadhani moja mimi na wenzangu watatu tulikuwa tukikusanya vitu vya futari kwa nyumba za wajane mtaani. Meneja wa duka moja kubwa akatupigia simu. Ana mikate, maziwa ya pakiti na mtindi, vyote vimebakisha siku mbili tatu kufika tarehe. Tukakodi tuktuk mbili, tukaenda mbio. Kufika, meneja anatutazama kwa haya. Wakubwa wake wamemkataza. Akatwambia hivi: "Ndugu zangu, nikiwapa na mtu akaumwa, nitashtakiwa mimi. Sijaona sheria ya kunilinda. Nikitupa, hakuna anayeniuliza."

Tukarudi na tuktuk tupu, na nauli tukalipa. Vitu vile vikaingia lori la taka.

Neno hilo la mwisho sijalisahau. Nikitupa, hakuna anayeniuliza. Leo nataka tuanze kuuliza.

Lakini msinielewe vibaya. Sijaja hapa kusema serikali iache kukagua chakula. Mwaka 2004, kule Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini, ile inayoletwa na ukungu kwenye mahindi. Watu 125 wakafa. Mahindi mengi yalikuwa ya kwao wenyewe, yamewekwa yakiwa na unyevu. Na mwaka 2023 tuliona magunia 20,000 ya sukari iliyokataliwa tangu 2018 yakitoka kinyume cha utaratibu, hadi maafisa 27 wakasimamishwa kazi. Kwa hivyo ukaguzi tunautaka, tena mkali. Maskini si jaa la kutupiwa kilichoharibika.

Shida yangu ni nyingine. Sheria za chakula zinajua sana kukamata, kukataa na kuteketeza. Njia ya kukitoa chakula kingali kizima, kabla ya tarehe, haionekani. Basi kinakaa hapo, siku zinakwenda, mwisho afisa anakuja na kusema kimepita tarehe, kichomwe. Siku hiyo afisa yuko sawa. Kosa lilifanyika mapema, wakati kilipokuwa kinalika na hakuna aliyetia sahihi.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni wa juzi tu, mwaka 2025. Serikali ya Marekani ilikuwa na biskuti za lishe kwenye ghala Dubai, za watoto wenye njaa wa Afghanistan na Pakistan. Zilinunuliwa kwa karibu dola 800,000. Misaada ikasimamishwa Januari, shirika la USAID likavunjwa, na ruhusa ya kuzitoa ikachelewa. Ilipofika Julai, karibu tani 500 zikapita tarehe. Zikaharibiwa, na kuziharibu kukalipiwa pesa nyingine. Biskuti hazikuwa na ukungu wala wadudu. Zilikosa ruhusa tu.

Jamani, tani 500 za Dubai na tuktuk zangu mbili ni hadithi moja.

Na wengine wametafuta dawa. Marekani hiyohiyo ina sheria tangu 1996 inayomkinga anayetoa chakula kwa nia njema, isipokuwa kama amefanya uzembe mkubwa au kukusudia madhara. Ufaransa, mwaka 2016, ilipiga marufuku maduka makubwa kuharibu kwa makusudi chakula kinachoweza kulika, na yale yanayozidi mita za mraba 400 yakatakiwa yawe na mkataba na mashirika ya hisani. Ukaguzi wao haukufa.

Sasa turudi nyumbani. Katiba yetu, Kifungu 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Shikeni yote mawili, kutokuwa na njaa na ubora. Na Jedwali la Nne limeipa kaunti kazi ya leseni kwa wanaouzia umma chakula, na pia kazi ya taka. Maana yake, kaunti iliyompa meneja leseni ndiyo inayosimamia jaa lililopokea mikate yake. Haiwezi kusema haihusiki.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, Bunge la Kitaifa lipitishe kinga kwa anayetoa kwa nia njema. Pili, tarehe zieleweke: kuna tarehe ya usalama na kuna tarehe ya ubora, na biskuti iliyopungua ladha kidogo si sawa na nyama iliyooza. Tatu, kaunti iteue afisa wa afya wa kupigiwa simu, aje akague siku hiyohiyo, atie sahihi, chakula kiende.

Na sisi je? Tusiwe hodari wa kudai tu. Pilau ya harusi ikikaa masufuriani tangu adhuhuri, joto hili la Mombasa, halafu magharibi tunaipeleka kwa mayatima, hiyo si sadaka, ni hatari. Chakula cha moto kifike kikiwa moto. Kila kamati ya futari iwe na daftari: kimetoka wapi, saa ngapi, kimekwenda kwa nani. Siku tukiulizwa, tufungue daftari.

Kifungu 37 kinatupa haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Karatasi ziko pale mlangoni, kwa kina dada. Andika jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Na kikao cha kukusanya maoni ya umma kikitangazwa, tujae ukumbi, tusiwaachie wenye vitambulisho vya shingoni peke yao.

Yule meneja hakuwa mtu mbaya. Alitupigia simu yeye mwenyewe. Nataka Ramadhani ijayo apige tena, na tuktuk zirudi zimejaa.