Taa za Usiku na Usingizi wa Mfanyakazi wa Zamu
Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, na saa hiyo huongozwa na mwanga unaoingia machoni. Giza linapotanda, ubongo hutoa melatonini, yaani homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia, lakini mwanga mkali, hasa ule mweupe wenye ubuluu wa taa za LED, huizuia homoni hiyo, na ndiyo maana muuguzi aliyekesha wodini chini ya taa kali huweza kufika nyumbani asubuhi akiwa hoi, kisha usingizi ukamkataa.

Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanashauriwa kutumia mwanga mkali mwanzoni mwa zamu na kuupunguza saa za mwisho, mradi usalama wa kazi usiathirike. Njiani asubuhi, miwani ya jua husaidia, isipokuwa kwa dereva mwenye usingizi, ambaye hapaswi kuendesha kabisa. Nyumbani, kanga iliyotundikwa dirishani hupitisha jua, hivyo pazia zito la rangi nyeusi hufaa zaidi. Mwanga mwanzoni mwa zamu, giza wakati wa kulala: hilo ndilo la kushika. Waajiri nao wana wajibu mkubwa, kwa kuwa muuguzi hawezi peke yake kubadilisha taa za wodi.