Ndege, vioo na kibali cha ujenzi: nani anaamua?

Uzi. Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha wanafunzi hapa Garissa. Nimeyaandika kwa sababu wengi waliomba. Utaratibu wa ukurasa ni ule ule: hakuna jina la mheshimiwa, hakuna jina la chama. Tunapima hoja tu.

1/ Najua mmeona mada mkacheka. Ndege? Kwetu, kwenye shida ya maji? Hebu nipeni dakika kumi. Ndege ndio mlango tu. Ninachotaka tuongelee ni kibali cha ujenzi: nani anakitoa, kwa masharti gani, na wewe unaingia wapi.

2/ Novemba iliyopita, asubuhi mapema, nilipita mbele ya jengo jipya la ghorofa mjini, vioo kutoka chini hadi juu. Sitalitaja. Chini ya ukuta kulikuwa na ndege wadogo wawili, mmoja bado anapumua. Mlinzi, mzee, alikuwa ameshika ufagio. Nikamwuliza, "Adeer, huwa wanaanguka wangapi?" Akanijibu, "Adeer, mimi sihesabu. Mimi nafagia tu." Jibu hilo halijanitoka kichwani. Kitu kikifagiwa kabla watu hawajaamka, hakifiki kwenye mjadala.

3/ Kwa nini wanagonga? Ndege haoni kioo. Anaona mbingu na mti vilivyomo ndani ya kioo, anaruka kuelekea huko kwa kasi yote. Au anaona mwanga upande wa pili, anadhani ni njia. Kubandika picha moja ya mwewe dirishani hakusaidii, atapita kando yake na kugonga pale pale pembeni.

4/ Usiku tatizo ni taa. Mfano upo hapa hapa Kenya: hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi. Tangu 1969 wataalamu wa ndege hukusanyika pale Novemba na Desemba. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, taa za hoteli huvuta ndege wahamaji kwa maelfu. Wataalamu huwanasa kwa nyavu laini, huwavika pete mguuni na kuwaachilia. Ndege hao wametoka Ulaya na Asia wakielekea kusini, wanapita mashariki mwa Kenya wakati mvua za deyr zikinyesha kwetu. Pale Ngulia taa zinasaidia elimu. Weka taa kama hizo juu ya ukuta wa vioo, hadithi inakuwa nyingine.

5/ Hadithi hiyo imetokea Chicago, Oktoba 2023. Usiku mmoja, karibu ndege 1,000 walikufa kwenye ukumbi mmoja wa mikutano, McCormick Place. Kwa Marekani nzima, makadirio yaliyotolewa 2014 ni kati ya milioni 365 na karibu bilioni moja kwa mwaka. Hizo ni hesabu zao, si zetu. Kwetu anayejua ni mwenye ufagio.

6/ Sasa tuje kwenye siasa. Hoja ya kwanza utakayosikia: "Watu kwanza, ndege baadaye." Ni hoja ya haki, siidharau. Lakini angalia vizuri. Mji huu joto la mchana mara nyingi hufika nyuzi 35 na kuzidi. Ukuta wa vioo usio na kivuli unaingiza jua ndani. Ndani lazima kiyoyozi. Kiyoyozi ni bili ya stima. Kama ni duka, bili inaingia kwenye kodi ya mpangaji. Kama ni ofisi ya umma, inaingia kwenye bajeti, yaani mfukoni mwako. Kioo kinachomuua ndege ndicho kinachokula pesa yako.

7/ Na dawa yake hatuhitaji kuitafuta ng'ambo. Baraza pana. Dirisha lililorudi ndani kidogo. Matofali yenye matundu, yale unayoyaona kwenye nyumba za kawaida za bula na kwenye misikiti: upepo unapita, jua halipiti, wapita njia hawawaoni watu wa ndani, na ndege anauona ukuta. Fundi wa mjengo wa hapa anajua kuyapanga bila kufundishwa.

8/ Hoja ya pili: "Hapa hatuna maghorofa marefu." Hii ndiyo inayodanganya wengi. Ndege wengi hugonga chini, kwenye urefu wa miti. Sheria ya New York, inayotumika tangu 2021, inabana hasa mita 23 za kwanza kutoka ardhini. Jengo la ghorofa nne la Garissa lote limo humo.

9/ Hoja ya tatu: "Hiyo ni kazi ya Nairobi." Nusu kweli. Ulinzi wa mazingira kwa jumla uko upande wa serikali ya kitaifa, na kanuni za ujenzi za taifa za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti mipango na ustawishaji, na utekelezaji wa sera za mazingira. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, kibali hutolewa na kaunti, na kaunti inaweza kukitoa kwa masharti. Kwa hiyo mtu akikuambia mikono yake imefungwa, mwulize imefungwa na kifungu gani.

10/ Hoja ya nne: "Mtafukuza wawekezaji." Gharama inategemea umesema lini. Ukimwambia mwekezaji wakati ramani bado ni karatasi, anabadilisha mstari. Ukimwambia vioo vikishafungwa, analipa mara mbili. Wale wa McCormick Place walilazimika kubandika nukta kwenye vioo mwaka 2024, jengo limeshasimama miaka mingi. Toronto waliweka sharti hili kwa majengo mapya tangu 2010, na vijumba vya ghorofa havijaacha kuota kule. Sisi mji wetu ndio kwanza unajengwa. Huu ndio wakati ambao sharti ni rahisi.

11/ Hoja ya tano husemwa chini chini, na ndiyo nzito kuliko zote: "Sheria mpya ni mlango mpya wa chai." Ni kweli, tumeyaona. Kila muhuri una bei yake. Ndiyo maana aina ya sheria ni muhimu kuliko nia ya sheria. Sheria inayohitaji afisa aje na mashine ambayo wewe huijui inauzika. Sheria unayoweza kuipima mwenyewe ukisimama barabarani ni ngumu kuuza, kwa sababu mashahidi ni mji mzima.

12/ Na hii inapimika hivyo. Kioo cha nje kiwe na nukta au mistari upande wa nje, nafasi kati yake isizidi sentimita 5. Hiyo ni upana wa vidole vitatu. Au kioo kikingwe na matofali ya matundu. Na taa za mapambo zizimwe usiku wa manane miezi ya Oktoba hadi Desemba. Mistari mitatu. Mama muuza nguo wa Soko Mugdi anaweza kukagua bila kumwomba mtu ruhusa.

13/ Unafanya nini sasa? Mwombaji wa kibali cha ujenzi hutakiwa kuujulisha umma. Ukiona tangazo kwenye kiwanja, lisome, usipite tu. Usiporidhika na uamuzi, kuna kamati ya rufaa ya mipango katika kaunti. Na mwakilishi wadi akija kuomba kura, usimwulize kama anapenda mazingira. Wote wanapenda. Mwulize: "Sharti gani utaliweka kwenye kibali, na mimi nitalikaguaje?" Akishindwa sehemu ya pili, hiyo ni ahadi tu.

14/ Nimemaliza. Maswali karibu hapo chini. Na mnaopita mjini alfajiri, mkikuta jengo la vioo, hesabuni kabla ufagio haujafika. Andikeni tarehe na idadi. Kikao kijacho tuanze na hesabu yetu wenyewe.